Taa ya Kijani Kando ya Jina Lako

Kwako yaya Paluku, kaka yangu mkubwa,

Nakuandikia kwa kalamu, kwenye daftari la shule nililoliacha nusu, kwa sababu ile njia nyingine ya kukufikia nimeapa kutoigusa tena. Utajua kwa nini ukisoma hadi mwisho. Najua kusoma hadi mwisho si kazi yako, hata maelezo ya mchezo ulikuwa unayaruka. Safari hii vumilia.

Nianze na mlima. Ungetaka nianze na mama, lakini mama atafika, na bila mlima hutaelewa nilichomfanyia.

Unakumbuka tulivyoanza? Wewe ulikuwa mlinzi wa chumba cha kompyuta kule Birere, mtaani kwetu Goma, kompyuta nne, tatu zikiwa nzima. Alasiri kukiwa hakuna mteja ulinikalisha kwenye ile iliyogusa ukuta wa upande wa mpaka, kwa kuwa hapo mtandao wa ng'ambo ulitufikia vizuri kuliko wa kwetu. Nilikuja moja kwa moja kutoka kwenye meza ya mama ya unga na maharage, mikono bado myeupe. Ukanieleza kwamba ndani ya mchezo ule kila mtu anachukua mwili mmoja na jina moja, kisha anatembea katika nchi moja na maelfu ya watu asiowajua, wa Brazili, wa Ufilipino, wa wapi sijui, na kila mmoja anakuwa yule aliyejichagulia kuwa: mwindaji, mganga, mpiganaji. Mimi nilichagua uganga. Wewe ulichagua kubeba mizigo ya wengine, kazi ambayo hakuna mtu aliyeitaka, nami nikakucheka.

Kisha jina. Uliandika Paluku, kompyuta ikajibu kwamba jina hilo lina mwenyewe. Ukaandika Paluku na moja, Paluku na mbili, hadi Paluku na tisa, yote yana wenyewe. Sisi Wanande tunawapa wazaliwa wa kwanza jina hilo bila huruma, na wewe ulidhani wenzako wote wako Butembo wanauza bidhaa. "Kumbe batu yetu bote beko humu!" ulisema, mkono kichwani. Ndipo tukawa Paluku wa Birere na Masika wa Birere.

Nchi ile ilikuwa nzuri kuitazama na mbaya kuitembea. Ramani ilikuwa inadanganya mchana kweupe. Ilionyesha kijiji kiko hapa tu, upana wa kidole, ukienda unakuta kati yenu kuna korongo lisilo na chini. Kulikuwa na majabali ambayo macho yaliona yana njia, miguu ikagonga kitu kisichoonekana. Kulikuwa na mbuzi wa mwituni ambao kazi yao duniani ilikuwa kusubiri ufike ukingoni wakupige pembe. Na juu ya yote hayo mtandao wetu: unabonyeza hatua moja, picha inaganda, ikirudi wewe ulishaanguka zamani na watu wanakuruka wakipita. Ukifa unarudishwa makaburini kule bondeni, na kutoka makaburini hadi ulipofia ni robo saa ya kutembea. Sijui niliipiga kibodi ngumi mara ngapi. Uliniambia siku moja utanifunga mikono kwa kitenge cha mama.

Ule ujinga wetu wa mawe meusi nao sijausahau. Wachezaji wote walikuwa wanalizunguka lile tambarare jeusi, nasi tukawacheka. Watoto wa Goma tuogope mawe ya volkano? Nyumba yetu imesimama juu yake, ukuta wetu umejengwa nayo, na viatu vyetu vyote vimeliwa nayo. Tukaingia vifua mbele. Hatua ya nne tukawaka moto wote wawili. Humo ndani mawe yalikuwa hayajapoa, na kila mtu aliliona hilo isipokuwa sisi, kwa sababu sisi jiwe jeusi tumezoea kulipigia deki. Ulicheka hadi mzee aliyekuwa anangoja kuchapishiwa cheti cha ubatizo akakuuliza kama u mzima.

Halafu ndiyo ule mlima wenyewe. Ulikuwa na jina refu la kigeni, sisi tukauita Kibumba ya Pili, kwa jina la ule mwinuko wa nje ya mji. Watu wenye uwezo waliupita juu kwa juu, wamepanda ndege wakubwa wa kununua. Sisi tulikuwa na miguu. Kwa wiki mbili nzima tuliupanda kwa kuunyookea, na kwa wiki mbili nzima tukaanguka. Alasiri moja ukaondoa mikono kwenye kibodi, ukaniuliza, "Masika, papa alikuwaka anapanda Kibumba namna gani?"

Jibu nilikuwa nalo. Marehemu papa, baba yetu, tulimsindikiza mara nyingi tukiwa wadogo, yeye na chukudu yake, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, akiisukuma kwa bega ikiwa na mizigo ya watu. Mwinuko hakuwahi kuunyookea. Alikwenda mshazari, kushoto kidogo, kulia kidogo, na kila baada ya hatua ishirini aliita, "Tia jiwe!" nasi tukakimbia kuweka jiwe nyuma ya gurudumu ili apumue. Hakutuambia kamwe kwamba alikuwa amechoka. Alisema chukudu ndiyo imechoka.

Basi tukaupanda hivyo. Mshazari, kushoto kidogo, kulia kidogo. Picha ikianza kuganda ulisema "Tia jiwe," nasi tukaacha vitufe, tukakaa mikono magotini hadi mtandao urudi. Mbuzi walitukosa. Siku ya tatu tukafika kwenye bega la mlima, ile sehemu bapa iliyo chini ya kilele, na mtu mmoja wa Brazili akashuka kwenye ndege wake akakuuliza, kwa Kiingereza kibovu kama chetu, mmefikaje hapa kwa miguu. Ulimwandikia neno moja: chukudu. Akauliza huyo ni mnyama gani. Ukamjibu, mnyama wa mbao. Sijawahi kukuona ukifurahi vile, yaya, na mimi nilifurahi hadi nikalia, nikakuambia ni vumbi.

Kilichobaki ni kilele. Huko njia ilikuwa ukingo mwembamba, na mtandao wangu ndio uliokuwa dhaifu zaidi, kwa hiyo ulinifundisha kubonyeza jina lako na kuchagua "kufuata". Nikishafanya hivyo mwili wangu ulikwenda wenyewe nyuma ya wako, hatua kwa hatua, hata nikiwa sigusi kitu. Ubaya wake ni kwamba ukianguka wewe, nami naanguka. Ndiyo maana kila tulipofika pabaya uliniambia yale yale, bila hata kunitazama: "Utoe kufwata, Masika. Mi njo ntapima mbele." Ninatoa, unajaribu mwenyewe, ukifika salama unaniita. Alasiri ile ya mwisho ulipita penye ufa mkubwa, ukafika ng'ambo, ukageuka kuniita, na umeme ukakatika mtaa mzima. Ukasema si kitu, tutamaliza kesho.

Kesho yake vita viliingia mjini.

Hayo mengine unayajua hadi mahali fulani, mimi nayajua kuanzia hapo. Tulikimbia na mama kuelekea Himbi, kwa shangazi anayefulia watu nguo huko karibu na ziwa. Tulipofika kwenye barabara kubwa risasi zilikuwa zinapita kwa urefu wake. Tukajibanza nyuma ya ukuta wa mawe, mama katikati yetu, rozari mdomoni kabisa. Ulichungulia. Kisha ukanigeukia, na uso wako ulikuwa wa kawaida tu, uso wa saa kumi kwenye kompyuta. "Masika, utoe kufwata. Mi njo ntapima mbele." Ukavuka umeinama. Ulifika, nilikuona umefika. Uliinua mkono utuite. Hapo zikapita gari mbili zimejaa watu wenye silaha, na nyuma yake umati unakimbia na magodoro kichwani, na barabara ilipobaki tupu upande ule kulikuwa na ukuta na mlango uliofungwa.

Tulivuka, tukaita jina lako hadi sauti ikakauka. Siku zilizofuata nilikutafuta hospitalini kitanda kwa kitanda. Kwenye vyumba vya maiti nilimwacha mama nje nikaingia mwenyewe, na niliyoyaona humo sitakuandikia. Wengine walisema vijana walipakizwa garini wakapelekwa, wengine wakasema walivuka mpaka. Kila Jumanne mama alikwenda kwenye hema wanakoandika majina ya waliopotea, akalitaja lako, akarudi.

Mama alikuwa hali chakula. Unamjua mama, mtu wa kumaliza fufu ya kwake na ya jirani. Alikuwa anakaa mbele ya sahani anazungusha tonge hadi linapoa. Siku moja, kwa kutafuta tu neno la kumpa, nilifungua mchezo kwenye simu yangu nikamwonyesha orodha ya marafiki. Jina lako lilikuwepo, na kando yake kitaa kidogo cha kijivu. Nikamwambia, "Mama, Paluku akipata kompyuta popote alipo, kitu cha kwanza atafungua hii. Akifungua, taa itakuwa kijani." Mama aliyekuwa anasema "Ile mulima itamuua bure," mama aliyeuita mchezo wetu kazi ya shetani, alijifunza kuifungua simu mwenyewe. Kila siku saa kumi, saa zetu zile za kucheza, alivaa miwani akakaa na kitaa cha kijivu. Mimi nilikuwa nimempa hicho, na nilijiona nimefanya vema.

Miezi ikapita, chumba cha kompyuta kikafunguliwa tena. Ndani ya kitabu chako cha nyimbo za kanisani nilikuta karatasi yenye neno lako la siri. Yaya, sikufikiri kitu kingine. Nilifikiri tu kwamba bado umesimama pale penye ufa, mgongo kwenye jabali, mkono umeinuliwa, na hakuna aliyekuja. Nilikwenda nikakaa kwenye kompyuta ya ukutani, nikafungua, na kweli ulikuwa pale pale. Nikabonyeza hatua moja. Picha ikaganda. Ilipofunguka maandishi ya Kifaransa yaliniambia umekufa.

Mimi ndiye niliyekuangusha. Nilitaka kukupandisha nikakuua kwa hatua moja, na nililia pale mbele ya wateja, nao wakadhani nimepata habari ya msiba. Kisha nikafuta uso, nikakutoa makaburini, nikaanza kukupandisha upya kutoka chini. Saa kumi na moja nikafunga, nikarudi nyumbani.

Mlangoni nilisikia mafuta yanachemka. Mama alikuwa amevaa kitenge chake cha Pasaka, anakaanga sambaza, dagaa wa ziwani, majirani wawili wamesimama wanashangaa. Alinishika mabega yote mawili. "Paluku iko muzima! Taa imewaka, Masika! Niliiona na macho yangu, saa muzima!"

Nilikuwa nimesahau ile simu iliyo mikononi mwa mama. Naapa nilikuwa nimeisahau. Nilifungua mdomo nimwambie, nikaona amekuwekea sahani, na amekuchagulia zile kubwa unazozipenda, nikaufunga mdomo. Mama alikula usiku ule. Alikula akaongeza.

Kesho yake nikawasha tena. Ndiyo, kwa makusudi. Na kesho kutwa. Nilijiambia ni kwa ajili ya mama, na kwa nusu ni kweli. Nusu nyingine ni kwamba nikiwa ndani ya mwili wako nilikuwa nakwenda kama ulivyokwenda, mshazari, na yule mtu wa Brazili alikuja mbio akaandika "Mnyama wa mbao! Umerudi!" nami nikamjibu kwamba nimerudi. Nilidanganya dunia nzima, kuanzia Birere hadi Brazili. Na kila siku nilikupandisha kidogo. Nilianguka, nikarudi makaburini, nikaanza tena. Bila wewe wa kunipimia mbele nilikuwa napima kwa kufa.

Lakini Jumanne ilifika na mama hakwenda hemani. Nilimuuliza. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kitu cha kitoto. "Niende kuuliza nini? Mutu anacheza muchezo yake, njo amepotea?" Wiki iliyofuata pia hakwenda. Hapo nikaona nilichofanya. Kama uko mahali, yaya, kama umefungwa, kama umelala kwenye kitanda kisicho na jina, watu wawili tu katika mji huu ndio waliokuwa wanakutafuta, na mmoja nilikuwa nimemkalisha mbele ya taa niliyoiwasha mimi mwenyewe. Nilijua, na nikaendelea. Nilijichukia njia nzima ya kwenda, nikajichukia njia nzima ya kurudi, na katikati nikakupandisha mlima.

Jumatatu iliyopita nilikuwa nimekufikisha juu kuliko tulivyowahi kufika. Ule ufa niliuvuka. Zilibaki kona mbili tu kufika kileleni. Nikatia jiwe, mikono magotini, nikingoja mtandao. Hapo chini ya kioo barua ikaingia, imeandikwa kwa Paluku wa Birere, na aliyeituma ni Masika wa Birere.

Mimi. Yaani simu yangu, iliyokuwa nyumbani. Herufi zilikuwa kubwa zote, bila nukta, za mtu anayebonyeza kwa kidole kimoja na miwani puani. Mama alikuwa ameandika hivi:

"MASIKA TIA JIWE TAA INAWAKAKA WAKATI WEYE UKO INJE INAZIMIKAKA MBELE UFIKE NYUMBANI RUDIA TUKULE"

Niliisoma kwenye kioo chako, kwa macho yako: taa inawaka nikitoka, inazimika kabla sijafika. Nilitaka ardhi ipasuke. Mteja wa jirani aliniuliza kama kompyuta imeharibika, nikamwambia hapana, inafanya kazi vizuri.

Nisamehe, sikumtii papo hapo. Zilibaki kona mbili. Nilikwenda kushoto kidogo, nikatia jiwe. Nikaenda kulia kidogo, nikatia jiwe. Mtandao haukuganda hata mara moja, mtandao mshenzi ule, siku hiyo ukaamua kuwa na adabu. Ukafika juu. Nakuambia kwa sababu ulikuwa unaulizauliza kuna nini huko: hakuna kitu. Hakuna sanduku la dhahabu wala mfalme wa kupigana naye. Kuna jiwe bapa na upepo, na ukitazama chini unaona sehemu zote tulizoangukia. Nilikukalisha juu ya jiwe, uso kuelekea njia tuliyokuja nayo. Nikafunga.

Mama alikuwa anageuza maharage. Hakuinua kichwa.

"Ulimufikisha wapi?"

"Kule juu kabisa, mama."

"Hakuanguka?"

"Mara mingi. Leo hapana."

"Bone, ni muzuri." Alinipakulia. Nilimuuliza alijua tangu lini, akasema tangu wiki ya pili, hata mtoto angejua. Nikamuuliza kwa nini basi alinyamaza wakati wote huo. Alivua miwani akaifuta kwa kitenge. "Ulikuwa unarudiaka na sura ya mutu," akasema. "Mbele ya pale ulikuwa unarudia na sura ya maiti. Kama ningeenda kule hema, ungejua kama nilishajua. Nilisema acha amalize mulima yake." Kisha akasogeza sahani yangu karibu. "Kesho njo Jumanne. Tutaenda sisi wawili."

Tulikwenda. Tulipanga mstari tangu asubuhi, tukalitaja jina lako, na kijana wa hemani akapekua karatasi zake, akasema Mapaluku ni wengi, tumweleze wewe ni yupi. Mama alimwambia una kovu begani la mti wa chukudu. Mimi nikamwambia unacheka ukiwa umechomwa moto. Hilo hakuliandika. Kwenye karatasi zake hukuwepo, wala kwenye zile za waliozikwa hukuwepo. Jumanne ijayo tutarudi.

Wewe uliniambia nitoe kufuata, nami nimekuwa mkaidi miezi yote hii, nimekufuata hadi nikaingia ndani ya mwili wako. Sasa nimetoa. Si kwamba nimekuacha. Nimebaki upande huu wa barabara na mama, kama ulivyotaka, na nangoja uniite.

Daftari hili nitaliweka ndani ya kitabu chako cha nyimbo, pamoja na ile karatasi. Neno lako la siri sijalibadilisha, nimeliacha ulivyoliacha ili usije ukafungiwa nje. Mama bado anavaa miwani saa kumi, siku hizi nami nakaa kando yake, na mikono yangu yote miwili iko mahali anapoiona. Nimemwapia sitaiwasha tena.

Kwa hiyo taa ile ikiwaka, yaya, haitakuwa mimi.

Mdogo wako,
Masika